Soko Li Wazi, Njia Imenunuliwa

Ndugu msomaji, miongoni mwa milango ya fikihi tuliyosomeshwa chuoni, mlango wa biashara ndio uliowachosha wanafunzi wengi, kwa kuwa ndani yake mna mizani na vibaba, riba na rehani, na masharti ambayo kichwa cha mtoto hakiyawezi kwa siku moja. Lakini mna suala moja humo ambalo halikumshinda hata aliyekuwa mzito wa darasa. Nalo ni la mtu atokaye mjini kwenda kuulaki msafara njiani.

Sura yake ni hii. Wachukuzi wa mali wanatoka mbali, wamechoka, na bei ya sokoni hawaijui imesimama wapi. Bwana mmoja wa mjini akawatangulia, akawakuta nje ya mji, akainunua mali yote huko huko, kisha akarudi nayo akaiuza atakavyo. Hakuiba. Hakupunja mizani. Alilipa fedha taslimu, na muuzaji akapokea kwa radhi yake. Na juu ya hayo yote wanavyuoni wamelikataza jambo hilo, wakaliita talaqqi-rukban, na wakatoa sababu mbili: dhara la mgeni ambaye hakupewa nafasi ya kuliona soko, na dhara la watu wa mji ambao mali imewafikia ikiwa mikononi mwa mtu mmoja.

Waama, waliosema hayo hawakuwa na habari ya simu wala umeme. Lakini tangu nianze kuifuata kesi ya serikali ya Marekani na kampuni ya Google, iliyofunguliwa Oktoba 2020, sijapata mfano wa kuieleza uliokaa sawa kuliko huo. Ninataka leo tuizungumze kwa utuvu, maana wengi huku kwetu huiona ni ugomvi wa matajiri wa ng'ambo, fahali wawili wanapigana. Na wapiganapo fahali wawili, wahenga walikwisha kutuambia ziumiazo ni nini.

Kosa si ukubwa

Tuanze kwa kuifahamu sheria, kwani wengi huhukumu kabla ya kusikia. Sheria ya Marekani inayotumika hapa ni kongwe. Ilipitishwa mwaka 1890, na hujulikana kwa jina la seneta John Sherman. Sheria hiyo haimkatazi mtu kuwa mkubwa. Akiuza kitu kizuri na watu wakamfuata, hiyo ni riziki yake. Linalokatazwa ni kuutumia ukubwa huo kuwafungia wengine njia, ili ukiritimba udumu hata siku ambayo uzuri wa bidhaa umekwisha.

Kesi mashuhuri ya zamani ni ya Standard Oil, kampuni ya John D. Rockefeller. Watu hudhani kosa lake lilikuwa ni kuwa na mafuta mengi. La. Miongoni mwa mambo yaliyomkuza yalikuwa mapatano ya faragha na makampuni ya reli, ambayo kwayo mafuta yake yalisafirishwa kwa nauli ndogo kuliko ya wenziwe. Mwenye kiwanda kidogo pengine alikuwa na mafuta mazuri vile vile, lakini yalipofika sokoni faida yake ilikuwa imekwisha liwa na nauli. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni ivunjwe, ikagawanywa vipande 34. Basi tazama: hata katika zama za mafuta ya taa, siri ilikuwa njiani kuliko ilivyokuwa sokoni.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Mtambo wao wa kutafutia habari ulikuwa mzuri, na haki ya mtu ni haki yake hata kama humpendi. Jaji Amit Mehta, aliyeanza kuisikiliza kesi hii mjini Washington Septemba 2023, alikiri katika hukumu yake kwamba mtambo huo ni bora. Lakini hukumu hiyo hiyo, aliyoitoa tarehe 5 Agosti 2024, ilisema bayana kwamba Google ni mkiritimba, na kwamba imeivunja sheria ya 1890 ili kuulinda ukiritimba wake. Sasa vipi mtu awe na bidhaa bora kisha awe na makosa? Hapo ndipo tunaporudi kwenye msafara.

Msafara ni wewe

Mtu anunuapo simu mpya, akaiwasha, hukuta kidirisha cha kuandikia swali lake. Huandika, akajibiwa, mambo yakaisha. Hakuulizwa angependa swali lake lipelekwe kwa nani. Nyuma ya kidirisha hicho mna mkataba, na nyuma ya mkataba mna fedha.

Hesabu zilitolewa mahakamani, na ni hesabu za kumtoa mtu jasho. Mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu, wenye vivinjari vya intaneti, na makampuni ya mitandao ya simu, ili mtambo wake uwe ndio unaotangulia. Kwa kampuni ya Apple peke yake, mwaka 2022 zilipelekwa kiasi cha dola bilioni 20. Katika kila dola 100 za matangazo zilizopatikana kwa maulizo yaliyopitia kivinjari cha Safari, Apple iliachiwa 36. Mahakama ikaona kwamba takriban nusu ya maulizo yote ya Marekani yalipitia katika milango iliyofungwa na mikataba ya namna hii.

Ndugu zangu, Apple ina fedha, ina mafundi, na ilikuwa na kila uwezo wa kujaribu kujenga mtambo wake. Lakini mtu alipwaye fedha kama hizo kila mwaka kwa kukaa kitako, ana haja gani ya kwenda kufungua duka la kushindana na anayemlipa? Jaji aliliona hilo pia.

Wavuvi wetu wa pwani wanaufahamu mtindo huu bila ya kusomeshwa na mtu. Tajiri humkopesha mvuvi nyavu na mashine ya kusukumia mashua, kwa sharti kwamba samaki watakaopatikana watauzwa kwake. Samaki angali majini anaogelea, naye amekwisha kuwa na mwenyewe. Wachuuzi wengine wanaosubiri ufukoni na makapu yao wana ruhusa ya kununua. Hapana sheria inayowazuia. Lakini watanunua nini?

Baadhi ya wenzangu wasikiapo neno ukiritimba huukimbilia mlango wa ihtikari, yaani kuificha bidhaa ili bei ipande. Mimi naona hapa si pahala pake, na tukiushikilia mlango huo tutashindwa hoja. Kwani mawakili wa Google watatuuliza: ni kitu gani kilichofichwa? Bei gani iliyopanda? Mtambo ni bure, mwenye kutaka na autumie usiku na mchana. Na sisi tutabaki kubabaika.

Jawabu ni kwamba katika biashara hii mimi na wewe si wanunuzi. Wanunuzi ni wenye matangazo ya biashara. Nao, kwa mujibu wa hukumu ile, walitozwa bei ambayo Google isingeliweza kuitoza kama pangekuwa na ushindani wa kweli. Sisi ndio tuliomo katika msafara. Macho yetu, maswali yetu, na kile tunachotaka kukijua saa nane ya usiku, hivyo ndivyo vilivyobebwa juu ya ngamia. Na bwana mmoja ameungoja msafara huo njiani, akaununua kabla haujafika pahala ambapo wengine wangeliweza kusema: njooni na kwetu mtazame.

Hiari na khiyari

Google haikukosa la kusema. Ilisema kwamba hapana aliyelazimishwa. Mwenye simu anaweza kuingia ndani ya mipango ya simu yake, akaubadilisha mtambo, akauweka autakao. Ni hiari yake.

Neno hilo hiari ni zuri, nalo shina lake ni moja na khiyari ya kifikihi. Na ni ajabu jinsi wanavyuoni walivyolitumia katika suala lile la msafara. Wengi wao hawakusema kwamba biashara ya njiani imebatilika moja kwa moja. Walisema kwamba muuzaji, akiisha kuingia sokoni na kuiona bei, akajua kuwa amepunjwa, ana khiyari: akitaka aiache biashara kama ilivyo, akitaka airudishe. Angalia sharti walilolitia. Khiyari haianzi njiani. Huanza baada ya mtu kuliona soko. Kabla ya hapo hana la kulinganisha, na asiye na la kulinganisha hachagui bali hupokea.

Jaji Mehta, kwa njia ya sheria yake, alifika karibu na pahala hapo hapo. Aliona kwamba watu wengi hubaki na kile walichowekewa, na kwamba nafasi ya kutangulia ndiyo yenye nguvu. Na akili ya kawaida inatosha kutuonyesha. Kama kutangulia hakuna maana, na kila mtu huchagua kwa hiari yake, mbona inalipwa dola bilioni 26.3? Mfanyabiashara mwenye akili timamu hatoi fedha kama hizo kununua hewa.

Swali lililoulizwa mara chache

Hapa nataka msomaji wa Kiswahili anitegee sikio zaidi, kwa sababu dhara hili lina sehemu inayotuhusu sisi.

Mtambo wa kutafutia hujifunza kwa kuulizwa. Kila swali, na kila jawabu ambalo mwulizaji aliligusa au aliliacha, huufundisha mtambo kujibu vizuri zaidi kesho. Mahakama iliona kwamba Google hupokea kila siku maulizo mara 9 ya yale wanayoyapokea wapinzani wake wote wakijumlishwa, na kwa upande wa simu ni mara 19. Kwa hiyo aliyeununua msafara hakupata mali ya siku moja. Amepata na elimu ya kuujua msafara wa kesho.

Sasa chukua swali linaloulizwa na watu wengi kwa Kiingereza, mathalan bei ya tiketi ya ndege. Swali hilo hata mtambo mchanga utaliona mara nyingi, na utajifunza. Lakini chukua mtu wa Lamu anayeuliza kwa Kiswahili namna mtepe ulivyokuwa ukishonwa, au mama wa Mombasa anayetaka kujua maana ya neno moja la utenzi wa zamani. Swali kama hilo huja mara chache. Likija, karibu kila mara humwendea mmoja yule yule. Mwenziwe mdogo, hata awe na nia njema na mafundi hodari, hatajifunza Kiswahili chetu, kwa sababu Kiswahili hakimpitii. Lugha kubwa zinaweza kuuvumilia ukiritimba kwa kuwa zina watu wengi wa kuzipigania. Lugha yenye maulizo machache hubaki na mlango mmoja, na siku mwenye mlango akiamua kwamba haina faida, hapana wa pili wa kubishiwa hodi.

Simaanishi kwamba Google imekidhulumu Kiswahili. Huenda imekihudumia kuliko wengine. Ninasema kwamba kuhudumiwa na mtu mmoja ni kuishi kwa fadhila zake, na fadhila si haki. Haki ni ile unayoweza kuidai.

Dalali wa pande zote

Kesi ya pili inawahusu watu wa magazeti, na sisi wa kurasa hizi hatuwezi kujifanya hatukuiona. Tarehe 17 Aprili 2025, katika jimbo la Virginia, Jaji Leonie Brinkema aliamua kwamba Google iliivunja sheria katika biashara ya matangazo ya intaneti.

Mambo yenyewe ni hivi. Ukifungua ukurasa wa gazeti katika simu, nafasi ya tangazo iliyopo pembeni huuzwa kwa mnada, mnada unaokwisha kabla hujapepesa jicho. Google ndiyo iliyokuwa na chombo kikubwa cha kumhudumia mwenye gazeti anayeuza nafasi. Google pia ndiyo iliyokuwa na mnada wenyewe ulio mkubwa. Na tena ina vyombo vya kumhudumia mwenye tangazo anayenunua. Katika mnada huo ilikuwa ikichukua kiasi cha dola 20 katika kila dola 100. Jaji aliona kwamba kampuni ilivifunga pamoja chombo cha muuzaji na mnada, hata muuzaji asiweze kutoka bila ya hasara. Kwa upande wa vyombo vya wanunuzi serikali haikuweza kuthibitisha madai yake, na hilo nalo lisemwe.

Madalali tunawajua. Dalali mwaminifu humtumikia mwenye mali, naye mnunuzi hulijua hilo. Lakini dalali amtumikiaye muuzaji, akamtumikia mnunuzi, na kiwanja cha mnada kikawa chake, huyo hana wa kumhukumu ila nafsi yake. Nafsi hata ya mcha Mungu haiachiwi kazi hiyo. Ndiyo maana soko likawekewa mizani ambayo si ya mwenye duka.

Dawa iliyotolewa

Turudi kwenye kesi ya kwanza, kwa sababu hukumu ya kosa ni jambo moja na dawa ni jambo jingine. Serikali ya Marekani iliomba mengi. Iliomba Google iamriwe kukiuza kivinjari chake cha Chrome, na iliomba malipo ya kutangulizwa yapigwe marufuku. Tarehe 2 Septemba 2025 Jaji Mehta aliyakataa yote mawili. Aliamuru kwamba mikataba ya kuwafungia wengine isiwepo tena, si kwa mtambo wa kutafutia tu bali hata kwa Gemini, chombo cha kampuni hiyo cha akili ya mashine. Na akaamuru baadhi ya hazina ya maulizo igawiwe kwa wapinzani watakaotimiza masharti.

Yaani: kuulaki msafara njiani kunaruhusiwa, kulipa kunaruhusiwa, ila usimwambie mwenye msafara kwamba asizungumze na mwingine.

Jaji alikuwa na hoja zake, na si hoja dhaifu. Alisema mambo yamebadilika tangu kesi ilipoanza, kwa kuwa watu sasa wameanza kuyapeleka maswali yao kwa mashine za kuzungumza, na fedha nyingi zinamiminwa huko. Alisema pia kwamba malipo yakikatwa ghafla, watakaoumia kwanza si Google bali ni wale wanaoyapokea, na kweli wapo wadogo kama Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, ambao sehemu kubwa ya mapato yao hutoka huko. Jaji mwenye hadhari hapasui jipu pasipo kujua ncha ya kisu itaishia wapi.

Lakini mimi naona dawa hii imeuacha mzizi. Kama kosa lilikuwa ni kununua njia, basi njia bado inauzwa, na mwenye mfuko mzito bado ni yule yule. Mtu mwingine anaruhusiwa kupandisha bei, naam, lakini atazitoa wapi dola bilioni 20 kabla hajapata maulizo, na maulizo atayapata vipi kabla hajazitoa? Huo ni mviringo, na mwenye kuzunguka ndani yake hafiki. Ama ile hoja ya wanaolipwa kwamba wataumia, hiyo ni sawa na kusema wenye ngamia wamezoea malipo ya njiani. Wamezoea kweli. Lakini hao si watu wa mji.

Liko na jambo la wakati. Kampuni ya Meta, mwenye Facebook, iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, kisha mwaka 2014 ikakubali kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Serikali ilikwenda mahakamani Desemba 2020. Tarehe 18 Novemba 2025 Jaji James Boasberg akaamua kwamba serikali haikuthibitisha kuwa Meta ni mkiritimba hivi sasa, kwa kuwa TikTok na wengine wamo sokoni. Sitaki kumlaumu, jaji hulipima soko lililo mbele yake. Lakini hesabu miaka: tangu 2012 hadi 2025 ni miaka 13. Mtoto aliyezaliwa wakati wa ununuzi, siku ya hukumu alikuwa amekwisha kuanza kuota ndevu.

Mawakala wa 2014

Nani atasema kwamba hayo ni ya Marekani tu? Sisi wa Kenya tuna mfano wetu, na si mbaya kuukumbuka.

Huduma ya M-Pesa ya Safaricom ilianza Machi 2007. Ilikuwa ni jambo la kusifiwa na lingali la kusifiwa. Mtu wa kijijini alipata namna ya kupokea fedha bila ya benki. Nguvu yake kubwa ilikuwa ni mawakala, wale wenye vibanda na maduka waliotapakaa kila kona. Wakala wa Safaricom hakuruhusiwa kumhudumia mpinzani. Kampuni ya Airtel ikalalamika. Nchi ilikuwa na sheria ya ushindani ya mwaka 2010, na Mamlaka ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo ikalishika jambo. Julai 2014 Safaricom ilikubali kuliondoa sharti hilo, na mawakala wakawa huru kuwahudumia wengine. Mwezi Aprili 2018 ikawezekana kutumiana fedha moja kwa moja baina ya M-Pesa na Airtel.

Tusifu linalostahili sifa: mlango ulifunguliwa, na haukufunguliwa kwa vita. Lakini ulifunguliwa baada ya miaka saba. Mazoea yalikuwa yamekwisha kuota mizizi, na miaka kumi baada ya uamuzi huo M-Pesa ilikuwa ingali na takriban tisa kwa kumi ya biashara hiyo. Sehemu ya sababu ni kwamba watu wanaipenda. Na sehemu nyingine ni ile ile: atanguliaye njiani kwa miaka saba hahitaji tena kuifunga njia. Watu wataifuata kwa mazoea.

Kadhi na muhtasibu

Katika miji ya Kiislamu ya zamani kulikuwa na watu wawili walioangalia haki ya sokoni. Kadhi alikaa akangoja mashtaka. Mwenye kudai alete shahidi. Muhtasibu hakungoja. Yeye alizunguka sokoni mwenyewe, akaigusa mizani, akauonja unga, akaangalia nani ameziba njia kwa bidhaa zake. Kazi yake ilikuwa ni kuiondoa dhuluma ikingali changa.

Marekani inaitibu habari hii kwa njia ya kadhi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kwa njia hiyo hiyo, zikaitoza Google euro bilioni 2.42 mwaka 2017 na bilioni 4.34 mwaka 2018, faini ya pili ikapunguzwa kidogo baadaye mahakamani. Zikaona kwamba faini kwa tajiri mkubwa ni kama ushuru wa kupitia daraja: analipa, anavuka. Ndipo zikapitisha sheria mpya mwaka 2022, ambayo masharti yake yalianza kushika Machi 2024. Sheria hiyo huwataja kwa majina wenye milango mikubwa, na wa mwanzo kutajwa, Septemba 2023, walikuwa sita: Alphabet ambayo ni mwenye Google, Amazon, Apple, ByteDance mwenye TikTok, Meta na Microsoft. Huwaambia mapema: mwenye simu aonyeshwe orodha achague mwenyewe, msizitangulize bidhaa zenu juu ya za wengine. Huyu ni muhtasibu.

Sisemi kwamba Ulaya imefaulu. Google imebaki mbele sana huko hata watu walipoanza kuonyeshwa orodha, na hili lisitushangaze, kwani mazoea ni tabia na tabia haina dawa ya siku moja. Lakini tofauti ipo. Mtu aliyeonyeshwa orodha akaichagua Google, ameichagua. Amefika sokoni, ameiona bei, akasema hii ndiyo niitakayo. Khiyari yake imetimia na hapana wa kumlaumu.

Na sasa msafara mpya umo njiani. Mashine hizi za kuzungumza, ambazo vijana wetu wamekwisha kuanza kuziuliza mambo ya shule, ya afya, na hata ya dini, zinaingizwa ndani ya simu zile zile kwa mikataba ya namna ile ile. Swali la kuuliza si kama mashine ni nzuri au mbaya. Ni hili: ilipowekwa mle ndani ya simu, ni nani aliyelipwa, alilipwa nini, na mwenye simu alionyeshwa nyingine ipi?

Mamlaka yetu ya Ushindani ilikwisha kuonyesha mwaka 2014 kwamba inaweza kuuliza na ikajibiwa. Basi na iulize tena, safari hii mapema, kabla simu hazijapangwa madukani na kabla mikataba haijaota mvi. Wabunge wetu wa pwani, ambao hutukumbuka sana wakati wa kura, na waulize nao Bungeni. Na sisi wenyewe, ndugu msomaji, tukiambiwa kwamba kitu ni bure, tujizoeze kuuliza ni nani aliyelipa badala yetu, na amenunua nini.